Wageni wameisha, simu haishuki mkononi: nianzie wapi?

SWALI: Habari za kazi, mtaalamu. Mimi ni dereva wa watalii, naishi Sakina, Arusha, nina mke na mtoto wa miaka mitatu. Msimu ukiwa juu sina tatizo, lakini tangu mvua zianze mwezi wa nne nipo nyumbani na simu haishuki mkononi. Naangalia video hadi saa nane usiku. Nilinunua kitabu cha ndege ili nisome kipindi hiki, lakini nikifika nusu ukurasa mkono umeshaifuata simu. Nimekuwa mtu wa hasira na wasiwasi. Nikifungua status za wenzangu naona wote wako kazini isipokuwa mimi, na habari za wizi na watoto kutekwa zimenijaa kichwani hadi jioni simruhusu mke wangu kwenda dukani na mtoto. Je, simu imeniharibu ubongo? Na nifanye nini, maana siwezi kuizima, kazi zote zinapitia humo?

JIBU: Ubongo wako haujaharibika, ndugu yangu, na ushahidi umeuandika mwenyewe: msimu ukiwa juu huna tatizo. Mtu aliyepoteza umakini haendeshi Land Cruiser kutwa nzima kutoka Arusha hadi Seronera, katikati ya Serengeti, huku akijibu maswali ya wageni sita, na bado akauona mkia wa chui ukining'inia kwenye mgunga. Umakini unao. Mwezi wa nne umekuondolea vile vilivyokuwa vinaushikilia: kuamka saa kumi na moja alfajiri, ratiba ya kampuni, sauti za wenzako kwenye redio ya gari, wageni wanaokutegemea. Umebaki na saa nyingi tupu, na mkononi una kifaa ambacho kuna watu wanalipwa mshahara ili kisiache saa yoyote ikabaki tupu.

Inafaa ujue kifaa hicho kinavyokushika, kwa sababu hatua nitakazokupa zinaanzia hapo. Katikati ya karne iliyopita mwanasaikolojia wa Marekani B. F. Skinner alionyesha kwamba njiwa anayepewa punje bila mpangilio kila anapodonoa kitufe, mara hii anapata na mara ile anakosa, hudonoa mfululizo, na hata punje zikikoma huchelewa sana kuacha kuliko yule aliyezoea kupata kila mara. Video fupi zinakwenda kwa mtindo huohuo: nne za ovyo, ya tano inakuchekesha mpaka machozi. Kutojua hiyo ya tano itakuja lini ndiko kunakofanya kidole kiendelee kusukuma. Mwaka 2006 mbunifu mmoja, Aza Raskin, alitengeneza ukurasa usiokuwa na mwisho, unaojiongeza kadiri unavyoshuka, na leo karibu kila programu unayoitumia imejengwa hivyo. Gazeti lina ukurasa wa mwisho. Taarifa ya habari ya saa mbili usiku ina mtangazaji anayekuaga. Humu hakuna wa kukuaga.

Jambo la pili: programu inahesabu muda uliokaa kwenye kila kitu, hata kama hukubonyeza kupenda. Ukikaa sekunde arobaini kwenye video ya mwizi anayepigwa kwa sababu umeshtuka, imeandikwa kwamba ulikaa. Ukiandika maoni ya hasira, hiyo nayo ni alama ya kwamba jambo limekugusa, na kesho utaletewa mengine ya aina hiyo.

Kwa hiyo usianze kwa kuhesabu saa. Saa mbili za kujifunza sauti za ndege na saa mbili za klipu za ajali ni muda uleule kwenye kioo, lakini haviachi kitu kimoja kichwani. Kuna kitu ulichokifuata na kuna kitu kilichokufuata. Tofauti hiyo ndiyo ya kuangalia.

Nianze na ile hofu, maana imeshaanza kuamua mke wako atembee wapi. Chukua ile sauti ya WhatsApp ambayo kila mwaka huzunguka: mama anaongea huku anahema, anasema kuna gari jeusi linapita mitaani linachukua watoto. Unaipata kwenye grupu la ukoo saa tatu asubuhi, kwenye grupu la mtaa saa sita, na jioni rafiki anakutumia akiongeza neno "kuweni makini". Kichwani mwako hao ni mashahidi watatu. Kumbe ni sauti moja, mdomo mmoja. Mwaka 1977 watafiti watatu wa Marekani (Hasher, Goldstein na Toppino) waliwasomea wanafunzi wa chuo sentensi za kweli na za uongo katika vikao vitatu vilivyopishana wiki mbili. Zile zilizorudiwa zilizidi kuaminiwa, ziwe za kweli au za uongo. Kurudia peke yake kunatosha. Kabla ya hapo, mwaka 1973, Tversky na Kahneman walieleza kwamba mtu hukadiria ukubwa wa hatari kwa urahisi anaoupata wa kukumbuka mfano. Wewe mifano unayo kumi mfukoni, yenye picha na sauti, na mingi haikutokea Arusha wala mwaka huu.

Na habari ya kweli pia ina kipimo chake. Baada ya mabomu ya mbio za marathoni za Boston, Aprili 2013, watafiti waligundua kwamba waliofuatilia habari za tukio hilo kwa saa sita au zaidi kwa siku, katika wiki iliyofuata, walikuwa na dalili nyingi za mshtuko kuliko hata waliokuwepo kwenye tukio. Ajali ikitokea barabara ya Moshi, kujua kwamba imetokea, wapi na kama kuna ndugu yako, ni dakika tano. Klipu ya tatu ya majeruhi walewale haikuongezei taarifa yoyote.

Sauti au picha ya kutisha ikiingia, fanya hivi kabla hujamwambia mkeo. Tazama juu ya ujumbe: ukiona vishale viwili, maana yake ujumbe umepita mikono mitano au zaidi tangu ulipoanzia, na aliyekutumia hajui ulikotoka kama wewe usivyojua. Sikiliza kama inataja tarehe, mtaa, jina la shule, jina la anayeongea. Tukio la kweli huwa na walau viwili kati ya hivyo. Uzushi una "leo asubuhi" na "huku kwetu" tu, ndiyo maana unaweza kutumika tena mwakani. Kama ni picha, itafute kwa Google Lens uone ilianza kuonekana lini. Kisha mpigie mwenyekiti wa mtaa au balozi. Tukio kama hilo likiwa la kweli Sakina, wao wanalo kabla ya grupu. Kama hukupata uhakika, liishie kwako. Tena kumbuka kwamba Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inamgusa anayesambaza uongo akijua ni uongo.

Sasa status za wenzako. Hapa una faida ambayo watu wengi hawana, sijui kwa nini huitumii. Mwenzako akiweka mwezi wa tano picha ya nyumbu wanavuka Mto Mara, akaandika "kazini", wewe unajua kabisa kwamba uvukaji wa kule Kogatende, kaskazini mwa Serengeti, ni kuanzia Julai hadi Oktoba hivi, na kwamba mwezi huu makundi yanatoka tu nyanda za kusini yakielekea kati na magharibi. Ukiona ndama waliozaliwa juzi Ndutu, kule kusini, hiyo ni Februari. Umri wa picha unausoma kwa nyasi na kwa nyumbu walipo. Basi zisome hivyo. Utakuta sehemu kubwa ya hao "walioko kazini" wako nyumbani Kijenge na Ngaramtoni, wanaangalia status yako na kudhani wewe ndiye uliye porini. Walioitwa kweli wapo, wachache. Hao wapigie simu waulize kampuni gani inahitaji dereva. Wale wengine bonyeza kidole kwenye status yao kwa muda mrefu, chagua kunyamazisha. Hawataambiwa.

Nije kwenye kazi yenyewe. Siku tatu za kwanza usibadilishe chochote. Nunua kijitabu kidogo, chora safu nne: saa, nilikuwa nafanya nini, nimefuata au nimefuatwa, dakika. Kila unapofungua simu, andika. Itakuwa hivi: saa 3:10 asubuhi, nasubiri chai, nimefungua kuona ujumbe wa ofisi, nimefuata, dakika 2, saa 3:12, klipu kwenye grupu, nimefuatwa, dakika 25. Moja ya siku hizo iwe Jumapili, maana Jumapili ina sura yake. Usiku linganisha na kipimo cha simu yenyewe: kwenye Android ni sehemu ya Digital Wellbeing ndani ya mipangilio, inaonyesha muda wa kila programu, idadi ya mara ulizofungua simu na arifa zilizoingia. Angalia pia matumizi ya data kwa kila programu. Video ya ubora wa kawaida hula kiasi cha MB 500 hivi kwa saa, kwa hiyo utaona shilingi zako za bando zilikokwenda, na kwa kipindi kisicho na tipu hesabu hiyo humwamsha mtu haraka kuliko mawaidha.

Ukishasoma kijitabu, kwa hakika kutakuwa na mahali ambapo mlango ni kazi: umefungua kwa ajili ya ofisi, ukatoka umebeba mengine. Kwa hiyo tenga mlango. Simu nyingi zina laini mbili; weka laini ya kazi kwenye WhatsApp Business, ya ndugu na marafiki ibaki kwenye WhatsApp ya kawaida. Kwenye ile ya kazi arifa zibaki wazi. Kwenye ya kawaida nyamazisha magrupu yote "daima", isipokuwa lile linalotangaza kazi, kisha yahamishie kwenye kumbukumbu ili yasionekane ukifungua. Nenda kwenye mipangilio ya hifadhi na data, zima upakuaji wa picha na video wenyewe. Klipu ikifika itabaki na ukungu mpaka uamue kuibonyeza, na kule kuamua ndiko tunakokutafuta. Baada ya hapo pita kwenye arifa za programu zote: ziache za kupiga, ujumbe mfupi, benki na pesa za simu, na WhatsApp ya kazi. Nyingine zote zima. Usipoteze jioni nzima kuamua ipi ina faida.

TikTok, Instagram na Facebook usizifute. Wengi hufuta Jumatatu wakiwa na hasira, Alhamisi wamezirudisha, na safari ya pili wanajiona hawawezi. Zitoe kwenye uso wa simu, toka kwenye akaunti, badilisha nywila iwe ndefu ya herufi na namba kumi na sita, iandike kwenye karatasi iliyoko kabatini. Ukitaka kuingia, ingia, lakini uinuke ukaifuate karatasi. Ule mwendo wa sekunde thelathini unaua zile safari ambazo mkono ulikuwa unakwenda wenyewe. Kwa upande wa YouTube, ambayo kwa mtu wa kazi yako ina manufaa, futa historia ya kutazama na uizime: ukurasa wa mwanzo utabaki mtupu, hakuna kinachopendekezwa, ila kisanduku cha kutafuta kipo. Ukiandika "fiscal shrike call" utapata ndege wako. Usipoandika kitu, hupati kitu. Zima pia ile ya video kujiendeleza yenyewe.

Usiku ndio unaonitia wasiwasi zaidi, kwa sababu sehemu ya hasira unayoisema inatokana na usingizi. Mtu mzima anahitaji saa saba au zaidi. Ukilala saa nane na mtoto akakuamsha saa kumi na mbili, umepata nne. Watu wanapenda kulaumu mwanga wa kioo na kuweka ule mwanga wa manjano. Si vibaya, lakini usitegemee makubwa. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2015, waliosoma kwenye kioo kwa saa nne kabla ya kulala walichelewa kusinzia dakika kumi hivi kuliko waliosoma kitabu cha karatasi. Dakika kumi. Saa zako nyingine zinaliwa na kilichomo ndani, na pia na bando la usiku: kifurushi kinachoanza saa sita, chenye GB nyingi kwa bei ya kutupa, kinamlipa mtu akeshe. Acha kujiunga nacho. Nunua kidogo cha mchana, hata kama kwa GB moja kinaonekana ghali.

Simu ilale sebuleni kwenye chaja kuanzia saa nne. Utasema ndiyo inayokuamsha. Nunua saa ya mezani ya kengele, zipo soko la Kilombero. Utasema ndugu wanaweza kukutafuta usiku kuna mgonjwa. Washa hali ya kutosumbuliwa, weka nyota kwenye namba za mama, ndugu wa karibu na bosi, ruhusu hao tu wapige, na uweke mlio mkubwa. Ruhusu pia anayerudia kupiga: kwenye Android mtu akipiga mara ya pili ndani ya dakika 15, simu inalia hata kama hana nyota. Kwa wageni wa nje weka ujumbe wa kujijibu kwenye WhatsApp Business kuanzia saa nne usiku hadi saa moja asubuhi. Mgeni wa New York anayekuandikia kwao saa kumi na moja jioni kipindi hiki, kwako ni saa sita ya usiku. Akijibiwa palepale kwamba utamwandikia asubuhi yako, ataona mtu mwenye utaratibu. Ni wewe tu uliyekuwa unadhani ukichelewa dakika tano atakwenda kwa mwingine.

Wiki ya kwanza utalala kwa shida. Utakaa macho, mwili unauliza kiko wapi kile cha saa tano. Usikae kitandani ukipigana nao. Inuka, kaa sebuleni mbali na chaja, soma kitu cha karatasi kwa taa hafifu, rudi ukisinzia. Na amka saa ileile hata kama ulilala vibaya. Wanaolipiza kwa kulala hadi saa nne asubuhi hujikuta usiku unaofuata wako macho tena.

Kitabu cha ndege kina dawa yake. Usijiwekee sura nzima. Weka dakika kumi, asubuhi, simu ikiwa chumba kingine. Ikiwa mezani hata kama imezimwa, utakuwa unaichunga. Chukua ndege watano tu: umbo, rangi, sauti, mahali anapopatikana, na yule anayefanana naye mpaka mkawachanganya. Kando weka karatasi. Ndani ya dakika ya nne hadi ya sita utakumbuka kitu cha kuangalia mtandaoni "mara moja tu". Kiandike kwenye karatasi, endelea. Hamu hiyo hupanda kisha hushuka yenyewe usipoilisha. Kila baada ya siku tatu ongeza dakika tano. Jumamosi panda daladala hadi Tengeru, zunguka Ziwa Duluti na kijitabu, uone kati ya hao wa wiki umewapata wangapi kwa macho. Kusoma kusikoishia nje, kwa mtu wa porini kama wewe, hakudumu.

Usitarajie mazoea mapya yakae ndani ya wiki tatu kama inavyosemwa mitaani. Utafiti wa London uliochapishwa miaka zaidi ya kumi iliyopita ulikuta kwamba katikati ni siku 66, na watu walitofautiana kuanzia 18 hadi 254. Ukiteleza siku moja haihesabiki; utafiti huohuo ulikuta kuruka siku moja hakuharibu chochote.

Mtoto: mapendekezo ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2019, kwa umri wake, ni kioo kisizidi saa moja kwa siku, na pungufu ni bora. Asipewe simu ili ale. Mengine atayaiga kwako.

Kuna jambo moja hukuliandika, nami naliuliza kwa sababu madereva wengi walioko nyumbani mwezi huu wanalo: kubeti. Kama kwenye kijitabu kuna mikeka, hatua za hapo juu hazitoshi, kwa kuwa pale punje ya Skinner ni pesa halisi. Mwambie mkeo kiasi kilichopotea, akaunti ya pesa za simu ishikwe na yeye kwa muda, na muone mshauri. Vilevile kama simu ipo sebuleni wiki mbili nzima na bado usingizi haupo, huzuni haipungui, au inakujia mawazo kwamba bora usiwepo, usingoje wiki ya tatu. Nenda Hospitali ya Mount Meru, au kwa wa Moshi KCMC, uulize huduma ya afya ya akili. Na hilo la mwisho, mawazo ya kutokuwepo, liseme kwa mtu leo hiihii.

Kuhusu mkeo na duka: muulize yeye ameona nini njiani jioni, tangu mhamie hapo. Anapita njia hiyo kwa miguu. Wewe umeipita kwa klipu. Kama ana sababu za kweli za kuogopa kipande fulani, mpeleke. Kama hana, aende na mtoto.

Wageni wakirudi Juni, kijitabu usikitupe. Porini hakuna mtandao sehemu nyingi, kwa hiyo utajiona umepona bila kujitahidi. Pima kwenye usiku wa lodji yenye Wi-Fi na kwenye siku mbili za mapumziko kati ya safari na safari. Chora zile safu nne, siku tatu, uziweke pembeni ya zile za kipindi hiki cha mvua. Kama safu ya "nimefuatwa" imejaa tena, rudi kwenye karatasi ya kabatini na ubadilishe nywila.